Kasha la Mistari Mizuri

Mawe yale yalitolewa chini ya ardhi huko magharibi kabla ya vita, kwa mashine inayotoboa na kurudi na nguzo nyembamba ya mwamba, unene wa mchi. Yalilazwa vipande vipande katika makasha ya mbao, ndani ya ghala moja huko viwandani mjini, chini ya mtaa wa Bugolobi. Vita vikaja, vikapita. Bati likavuja na namba zilizoandikwa juu ya mawe zikafutika. Ukabaki mpangilio tu: jiwe la kushoto ndilo la juu, la kulia ndilo la chini.

Mlinzi wa ghala alikuwa Otema, askari wa zamani kutoka kaskazini. Alikaa chumba cha nyuma na binti yake Ayaa, aliyeacha shule darasa la tano, msichana wa kuongea kama anayeomba radhi. Kwao watu walikuwa bado wanakimbia risasi. Hawakuwa na pengine pa kwenda, na kulikuwa na mfanyabiashara wa kahawa anayelitaka ghala.

Aliyekuwa akimzuia ni Sylvanus, Mkenya aliyesomea miamba. Alimweka Ayaa afute vumbi, na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuongea naye, akamfundisha. Mstari mweusi ni zama za mvua, ziwa limejaa. Mweupe ni ukame.

"Dunia inayumba, Ayaa, kama pia iliyochoka," alisema, akizungusha kifuniko cha soda mezani. "Yumbo moja ni miaka elfu ishirini na kitu. Jua linatupiga vingine, mvua inapanda, halafu inashuka. Na njia ya dunia kulizunguka jua nayo hurefuka na kufupika. Ndiyo maana kila baada ya mistari minne, mitano, unapata mmoja mnene."

"Na usipoonekana?"

"Utaonekana."

Akiweza kumwonyesha Daktari Opoka, mkubwa wa ofisi yao ya miamba, mfululizo mmoja usiokatika, ghala halingeguswa, na Ayaa angeajiriwa kabisa.

Kisha Sylvanus akaenda kuzika kwao Kenya. Siku ya pili Ayaa aliinua kasha moja alifute. Mchwa walikuwa wamekula chini yote. Mawe yakamwagika sakafuni, mengine yakabingiria hadi mlangoni.

Otema alisimama akayatazama. "Hii mawe imechoka kulala," alisema.

"Yamechanganyika, Baba. Sijui lipi lilitangulia."

"Sylvanus alikuwepo wakati inazaliwa? Panga, binti yangu. Ama unataka tuamke tumelaliwa na magunia ya kahawa?"

Otema akaligongelea kasha mbao mpya, na Ayaa akapanga kwa njia pekee aliyoijua. Jeusi, jeupe, jeusi, jeupe, halafu lenye mstari mnene. Kipande kimoja kirefu, cheupe kitupu, kilikataa kila mahali. Alikijaribu mwanzoni, katikati, mwishoni. Mwisho akakitupa kwenye mtaro nyuma ya ghala.

Sylvanus aliporudi alifungua makasha moja baada ya jingine, akanuna, mpaka alipofika kwenye lile. Akapiga magoti. Akapitisha kidole juu ya mistari, akacheka peke yake kama mlevi.

"Mzee Otema, njoo uone. Dunia haijawahi kuandika vizuri hivi."

"Mimi nilikuambia mawe yako iko salama," Otema akasema. "Hakuna hata moja imetoroka."

Ayaa hakula siku ile, wala iliyofuata. Asubuhi ya tatu alimkuta Sylvanus akipiga picha kasha lile, akamwambia yote, kwa sauti iliyomlazimisha mwenzake kuinama ili asikie.

Sylvanus alikaa juu ya kreti. "Hicho ulichotupa, kilikuwa na ukubwa gani?"

Ayaa akamwonyesha, kuanzia vidoleni hadi kiwiko.

"Cheupe chote?"

"Chote. Hakikuwa na mahali."

Sylvanus aliutazama mlango wa nyuma. Mtaro ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Hakuinuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba."

"Basi." Akaishika tena kamera yake. "Ulipanga vizuri, dada yangu."

"Nilipanga vile ulivyonifundisha."

"Ndiyo. Sogea kidogo, unaziba mwanga."

Daktari Opoka alikuja, akaona, akampa mkono Sylvanus mbele ya watu. Mwenye kahawa akaambiwa atafute ghala jingine. Ayaa akaajiriwa, akapewa koti la bluu na funguo. Otema alinunua nyama, akakaribisha jirani. Baada ya miezi Sylvanus alipelekwa Ulaya kusoma zaidi, kwa nguvu ya picha zile. Aliwapa mkono wote kuwaaga, ila Ayaa aliishia kupungiwa tu kutoka kwenye gari.

Siku hizi wanafunzi huletwa, na kasha linalofunguliwa kwanza ni lile. Ayaa hulifunua, hueleza yumbo la dunia, mvua na ukame, nao husogea karibu maana sauti yake ni ndogo.

Wiki iliyopita msichana mmoja alinyoosha mkono. "Mnajuaje kwamba mpangilio huu ni wa kweli?"

Ayaa alilifunika kasha polepole, vidole vyake vikiwa bado juu ya mbao mpya.

"Ndivyo tulivyoyakuta," alisema, na wote wakaandika.