Mwana wa Zamu

Kampuni ya maji ilikuwa na sheria isiyojadiliwa: simu yako mwenyewe unaiacha kabatini, mlangoni. Ndiyo maana Tulivu, mpokea simu za wateja, alimwandikia baba yake namba ya malalamiko ya kampuni kwa tarakimu kubwa, akaibandika ukutani karibu na kochi. Baba, dereva wa lori mstaafu, alikuwa anapoteza kumbukumbu. Bado alimwekea sahani mezani mke aliyemzika miaka mingi nyuma, na jina la binti yake lilikuwa limeshamtoka. Kilichobaki ni neno moja, mwanangu, na Tulivu alilishikilia hilo kwa meno. Siku hilo nalo likimtoka mzee, sijui angebaki na nini.

Jirani alishinda na mzee mchana, lakini mzee hakumtaka jirani. Alipiga simu. Yeyote akipokea, aliambiwa, "Nipe mwanangu." Wenzake Tulivu wakawa wanamwunganisha naye, laini zikajaa, watu wenye mabomba yaliyopasuka wakangoja hadi wakachoka kutukana, na hatimaye Tulivu akaitwa na msimamizi. Huyo walimwita Besi, kwa sauti yake inayotokea uvunguni mwa kitanda.

"Dada, kuna mteja mmoja anatupigia kuliko mtaa mzima," alisema Besi. "Na bomba lake ni zima."

Tulivu akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Alijua kibarua kimeshaota nyasi.

Besi akakuna kidevu. Mama yake mzazi aliwahi kumkimbiza kwa ufagio akidhani ni mwizi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Hufukuzwi," alisema. "Kuanzia kesho, atakayepokea ndiye mwanawe."

Cheka utakavyo, lakini kampuni iliyoshindwa mwaka mzima kuziba bomba la barabara kuu ililitekeleza hili ndani ya wiki. Watu walipewa mafunzo. Wakajifunza kuamkia, kukubali kwamba wameshakula, na kusema lori liko gereji, linarudi. Mhasibu alikuwa binti wakati wa chai. Mlinzi alikuwa binti kuanzia adhuhuri, na alipendwa kwa kuwa alijua mambo ya gia. Mfagiaji alimwagiwa dua hadi akalia. Ila aliyewafunika wote ni Besi mwenyewe. Alisema "Nipo, baba" kwa sauti ya kutetemesha vioo, na mzee akaridhika kabisa.

Tulivu akapumua. Hakuitwa tena ofisini, na baada ya muda mrefu alikula chakula cha mchana akiwa amekaa. Wiki zikapita bila simu hata moja ya mzee kumfikia yeye, naye alishukuru, bila kujua anachoshukuru.

Jioni moja alifika nyumbani akamkuta baba kasimama katikati ya mlango, simu mkononi.

"Unamtaka nani?"

"Ni mimi, baba. Mwanao."

Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona tapeli asiyeijua kazi.

"Mwanangu yuko kazini, mama. Nimetoka kuongea naye sasa hivi."

Akapiga tena ili kuhakikisha, akaongeza sauti ya simu.

"Nipo, baba," ikanguruma simu.

"Kuna mwanamke hapa anasema yeye ni wewe."

Besi akakohoa. Tulivu alifungua kinywa aseme ukweli, kisha akauona uso wa baba yake ulivyonawiri akingoja jibu. Akafunga kinywa.

"Mruhusu aingie, baba," Besi alisema taratibu. "Namfahamu. Ni mtu mwema, na amechoka."

"Ukishasema wewe, mwanangu, mimi sina neno."

Neno lile, mwanangu, likampita Tulivu usoni, likaingia kwenye simu. Lilimuuma vibaya.

Mzee akamkaribisha kwa heshima zote, akamfutia stuli vumbi kwa kiganja.

"Karibu, mama, usiwe na wasiwasi. Ila kile kiti cha dirishani usikikalie, ni cha mwanangu."

Tulivu akakaa kwenye stuli.