Shimo Walilojaziwa Bure

Wirot, msimamizi wa kazi aliyetumwa na kiwanda, alishuka garini na viatu vinavyong'aa, na hapohapo Rampha akapandwa na hasira. Nani huenda kuchimba sumu na viatu vya harusini?

"Dada Rampha! Leo ndiyo leo. Shamba linasafishwa."

"Na haya malori ya udongo mwekundu ni ya nini?"

"Ya kufunikia. Udongo mita moja, juu nyasi. Utapanda hata maua."

"Mahakama ilisema mapipa yatolewe."

"Mahakama ilisema shamba lisafishwe," alijibu Wirot, akitabasamu kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

Mtoto! Rampha alikuwa amemwacha binti yake, Fai, nyumbani kwa bibi yake akijikuna nyuma ya magoti mpaka damu, ingawa siku hizi wanaoga maji ya kununua.

Shimo lenye mapipa alilichimba marehemu baba yake, alipouza udongo wa kujengea barabara. Kisha wakaja watu wa kiwanda na maneno matamu: mzee, tutakujazia shimo lako bure. Bure! Mzee alifurahi hata akawakatia mkungu wa ndizi. Wakajaza mapipa ya taka zao, wakajaza, mpaka miti ya mpira iliyozunguka shimo ikapukutisha majani, utomvu ukatoka mweusi, na kisima kikanuka rangi ya mlango. Mzee alikufa akijilaumu mwenyewe. Hilo Rampha hakulisamehe, akakishtaki kiwanda.

"Mjomba Thongyu, washa mashine!" Wirot aliamuru.

Thongyu, dereva wa katapila, alikuwa amechuchumaa anakula wali wa kunata. Hakuinuka.

"Babu hajaombwa, bosi."

Madereva wa malori wakaitikia kwa vichwa. Pembeni ya shamba, juu ya nguzo yake, kilisimama kijumba cha Babu, mzimu mwenye ardhi ile. Hakuna dereva wa pande zile ambaye angegusa udongo kabla Babu hajawashiwa udi na kuambiwa, kwa sauti, kitakachofanywa kwake.

"Najua, najua." Wirot alitoa udi na chupa ya soda nyekundu. "Nimekuja na kila kitu. Haya dada, muombe upesi."

"Nimuombe nini? Ruhusa ya kutandika shuka juu ya kinyesi?"

Thongyu alipaliwa na wali kwa kicheko.

"Omba baraka tu, dada yangu," alisema Wirot.

"Baba yangu mlimdanganya. Mimi mmenidanganya. Babu simdanganyi. Omba mwenyewe!"

Wirot akawasha udi, akapiga magoti, akaanza kuchezesha midomo.

"Sauti!" Rampha alifoka. "Babu ni mzee, hasikii minong'ono."

"Sema tusikie, bosi," akadakia dereva mmoja. "Wewe utarudi mjini. Mashine itatulalia sisi."

Wirot akakohoa. "Babu, mimi Wirot... tumekuja kutengeneza shamba lako."

"Kutengeneza vipi?" Thongyu akauliza.

Jasho lilimshuka Wirot shingoni. Akisema kufunika, hakuna mtu atakayewasha injini. Nani amfukie Babu pamoja na sumu? Udi ulizidi kufupika vidoleni mwake.

"Kutoa," akasema chini chini.

"Kutoa nini?" Rampha alikuwa amesimama juu yake.

"Mapipa! Tunatoa mapipa! Mmeridhika?" Akachomeka udi, akainuka akipangusa suruali, kisha akamnong'oneza Thongyu: "Haya, anza kusambaza udongo."

Thongyu alijifuta vidole taratibu. "Ahadi umeshaitoa, bosi. Sitaki inigeukie mimi."

Akavaa barakoa, akapanda katapila, akayapita malori ya udongo kama hayaoni. "Mama Fai! Wapi?"

Rampha alinyoosha mkono. Kijiko kikazama ardhini, na pipa la kwanza likatoka limebonyea, linatiririsha uji mweusi. Harufu ikawafukuza wote upande unakotoka upepo.

Alidhani akiliona atapoa. Hakupoa. Alilitazama lile bati lenye kutu, akamkumbuka baba yake akiwabebea watu wa kiwanda ndizi mpaka garini.

Wirot, akiziba pua kwa tai yake ya shingoni, alikuwa ameshapiga simu kwa wakubwa zake.

"Usikate," Rampha alimwambia. "Waambie walete malori matupu. Haya ya udongo yanatuzibia njia."