Kipande cha Pafu la Dative

Vita vilipoingia Goma mwanzoni mwa mwaka, umeme ulikatika, na katika maabara ya Henriette Twizeyimana kila kilichokuwa hai kikafa, isipokuwa seli za mwanamke mmoja.

Henriette alirudi kazini mara tu pikipiki zilipoanza tena kubeba watu. Dirisha moja lilikuwa limevunjika na vumbi jeusi limetanda mezani. Alifungua kabati la joto akijua atakachokikuta. Kisahani baada ya kisahani, maji yalikuwa yamebadilika rangi, na seli zimekauka na kubanduka kama magamba. Kisha akaweka chini ya hadubini kisahani cha Dative Mukamugema. Akainama. Vijinywele vya seli zake vilikuwa vinacheza, vyote pamoja, vikisukuma uchafu upande mmoja kama kwamba hakuna kilichotokea mjini.

Badala ya kufurahi, alijikuta amegeuka kuangalia mlango. Alihisi mtu ameingia.

Kituo chao kilikuwa kidogo, kimeegemea ukuta wa hospitali. Walikuwa wakitafuta dawa ya kulinda mapafu ya watu wanaopika kwa makala, yaani mkaa, katika jikoni zisizo na dirisha. Zamani walitumia simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao familia nyingi za Kivu hufuga karibu na moto. Waliingizwa ndani ya sanduku la kioo, moshi ukafunguliwa, halafu wakapasuliwa ili mapafu yao yaangaliwe. Henriette aliifanya kazi hiyo kwa miaka. Simbilisi walijua viatu vyake. Kila alipokaribia walipiga mluzi kwa furaha wakidhani analeta majani, na walipiga mluzi huohuo siku ya kuuawa. Mwishowe akaanza kuusikia nyumbani, ndani ya birika la chai, na hata kanisani wakati wa kimya cha sala.

Ndipo akamwomba mkuu wake, Docteur Hilaire, amruhusu kujaribu njia nyingine. Alikwenda Kampala kujifunza. Alirudi akijua kuotesha seli za njia ya hewa ya mtu juu ya utando mwembamba, chini yake chakula, juu yake hewa tupu. Baada ya wiki kadhaa seli hizo hutoa ute na kuota vijinywele, zikafagia vumbi kama zilivyokuwa zikifanya kifuani. Unaweza kuzipulizia moshi, ukazipa dawa, ukaona ni ipi inayozisaidia. Hakuna mnyama anayelia.

Seli za Dative zilipatikana alipofanyiwa upasuaji. Upande mmoja wa pafu lake ulikuwa umeharibika kwa miaka ya kukohoa. Siku moja kabla, Henriette alikaa kitandani kwake na kumwomba kipande cha pafu hilo. Dative alikuwa mwuza maharage wa mtaa wa Keshero, mwanamke mwenye sauti kubwa hata akiwa mgonjwa.

"Mukichukua kile kipande, kitaishi?" aliuliza.

"Kitaishi kidogo, mama. Tutakijaribisha dawa."

"Basi muchukue. Lakini mukilishe vizuri. Mimi sijazoea kulala na njaa."

Wakacheka wote wawili. Henriette alisema dawa. Moshi hakuutaja.

Mwezi wa nne, mlinzi alimleta mtu mrefu aliyevaa koti la sufu lililochakaa viwiko, kofia mkononi. Alijitambulisha polepole. Alikuwa Télesphore Hitimana, mume wa Dative.

"Karibu, papa Télesphore," Henriette akasema. "Mama anaendelea namna gani?"

Mwanamume huyo alibana kofia kifuani.

"Mama alikufa, docteur. Siku zile za mabomu. Homa ilimushika, barabara zimefungwa, hakuna wa kumuleta hapa. Tulimuzika Munigi."

Henriette akakaa. Nyuma yake kabati la joto lilikuwa linanguruma taratibu.

"Sikujua," akasema. "Pole sana, papa."

"Nimekuja juu ya neno lingine. Nyumbani namusikia. Kila asubuhi, mbele kahawa haijachemuka, anakohoa. Siyo inje, siyo kwa jirani. Iko ndani ya chumba. Pasta anasema ni huzuni. Mimi najua kikohozi cha bibi yangu." Akageuza kofia mikononi. "Halafu muuguzi mumoja akaniambia kipande chake kilibaki hapa. Kinaishi. Ni kweli?"

Henriette angeweza kukana. Badala yake alisimama, akatoa kisahani, akakiweka chini ya hadubini na kumwonyesha mahali pa kuweka macho.

Télesphore alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa milima ya Masisi kabla vita havijamsukuma mjini. Aliinama kwa adabu, kama anayechungulia nyumba ya watu. Kisha mgongo wake ukaanza kutetemeka.

"Ni yeye?"

"Ni seli zake, papa."

"Inacheza kama majani ya malisho, upepo ukipita." Hakuondoa macho. "Anasikia maumivu?"

"Hapana. Hapo hakuna mishipa ya fahamu, hakuna akili."

"Unajua aje?"

Henriette alijua majibu mengi ya shuleni. Akarekebisha taa ya hadubini.

"Na munamufanyia nini?"

"Tunatafuta dawa ya kifua."

"Nauliza munamufanyia nini."

"Tunaziwekea moshi," Henriette akasema. "Wa makala. Kidogo kidogo. Halafu tunaangalia dawa gani inaziokoa."

Télesphore alinyooka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ni moshi ulimumaliza mapafu. Nilimununulia gaz ya kupikia. Nilimuapia mbele ya Mungu, hautavuta moshi tena. Na alipokuwa muzima, moshi ukizidi, alikuwa anatoka inje." Akakionyesha kisahani kwa kofia yake. "Hapa atatokea wapi?"

Aliomba jambo moja tu, waache, wampe kipande hicho, amzike mke wake akiwa kamili. Akaenda kungoja nje, chini ya ukuta wa hospitali.

Docteur Hilaire alikuwa mtu mzuri aliyechoka. Alimsikiliza Henriette akiwa ameshika paji la uso.

"Marehemu alikubali, Henriette."

"Alikubali dawa. Mimi sikumwambia moshi."

"Na hizo ndizo seli pekee tulizobaki nazo. Tukizizima, hatuna kitu. Nitalazimika kurudi kwa simbilisi, unajua. Watu wanaendelea kukohoa, hawawezi kutungoja."

"Najua."

"Basi niambie nifanye nini."

Henriette aliwaza wanawake waliojaa wodi ya kifua, kila mmoja na mtungi wake wa hewa. Aliwaza pia mtu aliyesimama nje na kofia mkononi.

"Nitazizima," akasema. "Mwenyewe."

Alimwita Télesphore ndani, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Akaleta visahani vyote vya Dative, akavipanga juu ya meza. Alimimina dawa ya kukausha katika cha kwanza, kisha akaangalia kwa hadubini, maana hakuona haki ya kufanya jambo hilo bila kuliangalia. Vijinywele vilipunguza mwendo. Vingine vilijikunja. Kimoja, pembeni, kiliendelea kupiga peke yake, kikasita, kikapiga tena. Kisha uwanja mzima ukatulia.

"Ihangane, mugore wanjye," Télesphore alikuwa akinong'ona nyuma yake kwa lugha ya kwao, akimwambia mke wake avumilie. Alirudia maneno hayo kwa kila kisahani.

Cha mwisho kilipotulia, aliuliza, "Amefika?"

"Sijui, papa."

Télesphore alipokea vile visahani ndani ya chupa pana iliyofungwa, akaifunika kwa kikwembe, kitenge cha marehemu. Siku iliyofuata alitoboa shimo dogo kando ya kaburi la Munigi. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, na mtalimbo ulilia sana kabla haujaingia. Henriette alikuwepo.

Docteur Hilaire alinunua simbilisi. Waliwekwa katika chumba cha zamani cha simbilisi, mwisho wa korido. Henriette alikataa kuwashika, na mkuu hakumlazimisha, lakini siku ya kwanza alipopita pale walisikia viatu vyake na kupiga mluzi wote kwa pamoja. Kuanzia hapo alitembea kwenye korido kwa ncha za vidole, mwanamke mzima, akijificha wanyama wasimsikie. Alizungumza na wagonjwa waliosubiri upasuaji, akiwaomba kipande. Sasa alitaja moshi kwanza kabisa. Walimsikiliza kwa upole, wakakataa.

Mvua za mwezi wa tisa zilikuwa zimeanza Télesphore aliporudi. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Kikohozi kiliisha," akasema.

"Nafurahi, papa."

"Mimi sifurahi. Nilifikiri nitalala. Sasa naamuka, naweka kahawa kwa moto, nangoja. Nyumba imenyamaza." Akamwangalia. "Hakuna hata kimoja kilibaki? Hata kidogo, mulisahau mahali?"

"Hakuna. Nilizima vyote."

"Hata ungenidanganya singekasirika."

"Sikukudanganya, papa."

Aliitika kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikia habari kwa mara ya pili. Kutoka mwisho wa korido ulisikika mluzi. Mfanyakazi alikuwa akiwapelekea simbilisi majani.

"Nini ile?"

Henriette akamweleza. Hakumficha chochote, wala sanduku la kioo.

"Basi ni hao wameingia mahali pa Dative," Télesphore akasema.

"Ndiyo."

Alikaa akisikiliza. Halafu akasema, "Mimi nililala naye katika ule moshi miaka yote. Kifua changu nacho kimeonja. Huwezi kuchukua kwangu?"

"Hatukati mtu mzima, papa. Tunachukua kwa wanaopasuliwa tu." Kisha akakumbuka njia aliyoiona Kampala na ambayo hakuwahi kuijaribu. "Kuna seli za ndani ya pua. Zinafanana na za kifua. Tunasugua na brashi ndogo. Inauma kidogo, machozi yanatoka."

"Machozi nimezoea."

"Na nitaziwekea moshi. Nakuambia mapema. Nitaziwekea moshi, zingine zitakufa."

"Muweke. Ni zangu, mimi niko nasema ndiyo kwa kinywa changu." Akainua kidole. "Lakini siku ya kuweka, mbele, unipigie simu. Nataka kujua ni leo."

"Nitakupigia."

Alimsugua pua alasiri hiyohiyo. Télesphore alipiga chafya kubwa iliyoangusha kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Henriette alimwona akicheka.

Seli zilishika. Henriette alizibadilishia chakula, akalinda joto, akakimbilia jenereta kila umeme ulipoyumba. Siku alipoona vijinywele vya kwanza vikicheza, alimpigia Télesphore kumpa habari. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga kesho yake. Jumamosi akapanda pikipiki hadi Keshero. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, aliyekuwa akimenya viazi barazani, alimwambia kwamba muzee alikwenda Masisi kuangalia kama mlima wake ungali na mtu, na kama ng'ombe aliowaacha kwa kaka yake wako hai.

"Alisema atarudi lini?"

"Alisema siku chache, mama. Lakini huko wamepigana tena. Barabara imefungwa. Hakuna mwenye kutoka huko alituambia kitu."

Henriette alingoja wiki nzima, kisha nyingine. Docteur Hilaire naye alingoja, hakugusa simbilisi hata mmoja. Hatimaye akaja kusimama karibu na meza yake.

"Seli hazitakaa hivi daima, Henriette. Na yeye alikubali. Safari hii alikubali kila kitu."

"Alitaka nimpigie kwanza."

"Piga."

Akapiga, mkuu wake akiwa amesimama hapo. Sauti ya mwanamke ikajibu kwa Kifaransa kwamba nambari haipatikani. Henriette akaweka simu mezani. Akainama karibu na visahani na kusema kwa sauti, bila kumwangalia Hilaire, "Papa Télesphore, ni leo."

Akafungua moshi.

Visahani visivyo na dawa vilichoka haraka. Vijinywele viliyumba, vikalala. Lakini katika vile vilivyopewa dawa ya pili kati ya zile walizokuwa wakizijaribu, vijinywele vilipunguza mwendo tu, vikasongwa na ute, halafu polepole vikaanza tena kusukuma. Hilaire aliangalia, akaangalia tena. Alimshika bega Henriette, akatoka. Mwezi huo simbilisi waligawiwa kwa wafanyakazi, kila mmoja akaenda kuwafuga au kuwala apendavyo, na madirisha ya chumba chao yakafunguliwa. Wanafunzi wa uuguzi, na hata mama wawili wa sokoni, walikuja kusuguliwa pua. Kazi ilikuwa imepata njia.

Kutoka Masisi hakukuja habari. Wapo waliosema walimwona Télesphore katika kambi ya wakimbizi upande wa Sake. Wengine walisema huyo alikuwa mtu mwingine, mrefu kama yeye. Visahani vyake vingine vilikuwa vingali kabatini, na vijinywele vilicheza humo mchana kutwa. Henriette hakuweza tena kuviangalia akawa na hakika anamwangalia mtu aliye hai. Wala hakuweza kuwa na hakika kwamba amekufa. Kila alipofika kazini, kabla ya kuvaa koti jeupe, alipiga ile nambari. Alimsikiliza yule mwanamke wa Kifaransa mpaka amalize, kisha akafungua kabati.