Siku ya Mchezo Haihesabiwi

Klementi hakuwa na viatu vya mpira. Hakuwa na viatu vya aina yoyote. Hakuwa na kitanda wala blanketi lake mwenyewe; alilala juu ya jamvi katika chumba cha bati pamoja na wanaume wengine watano, na blanketi walilivutana. Hakuwa na baba. Hakuwa na ndugu wa kumsemea mbele ya wakubwa. Hakuwa na mke, wala cha kutolea mahari. Na asubuhi ile ya Jumatatu, aliposimama kwenye foleni mbele ya ofisi ya shamba la mkonge la Nandindi, umande wa Juni ukimuuma miguu, hakuwa hata na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Beki mmoja wa Mtwara alikuwa ameukanyaga kwa njumu siku ya Jumamosi.

Alichokuwa nacho ni kipande. Kila manamba, kibarua wa mkataba, alikuwa nacho: kadi ngumu yenye vyumba thelathini, na kwa kila siku ya kazi karani alitia alama katika chumba kimoja. Vyumba vikijaa, mtu alipata mshahara na kuanza kadi nyingine. Kadi tisa zikijaa, mkataba ulikwisha, akaenda zake.

Karani Fakihi aliichukua kadi ya Klementi, akalowesha ncha ya kalamu ya risasi, akatia alama za wiki iliyopita. Akamrudishia.

"Shikamoo, bwana karani. Jumamosi haina alama."

"Marahaba. Jumamosi ulikata mkonge?"

"Nilikuwa Mtwara na timu."

"Na Jumatano? Na Ijumaa?"

"Nilitolewa shambani mchana kwenda mazoezini."

"Kabla hujamaliza kazi uliyopimiwa."

"Ndiyo, lakini aliyenitoa ni nyapara."

"Ulikuwa unacheza, kijana," alisema Fakihi kwa upole, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto imla. "Haya, anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Likwata, Mmwera wa Kitomanga, mtu mzima mwenye meno mawili tu ya mbele na maneno mengi kupita meno.

"Wewe Mmatumbi utazeekea hapa," alisema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. "Tutakuzika katikati ya uwanja, refa aweke mpira juu ya kaburi lako."

Watu wakacheka. Klementi naye akacheka, maana Likwata alikuwa mtani wake, si mtu wa kununiwa.

"Cheka tu, mwanangu. Cheza, na sisi tutafune."

Hilo la kutafuna lilikuwa kweli. Kila timu iliposhinda mechi ya kombe, meneja alitoa ng'ombe mmoja kwa kambi nzima. Kwa watu waliokula unga na maharage yenye wadudu wiki nenda wiki rudi, jina la Klementi lilikuwa na harufu ya mchuzi. Wanawake waliotwanga nje ya vyumba walimwita mchinjaji.

Hakuletwa Nandindi kukata mkonge. Hivyo ndivyo alivyodhani. Romani, yule mwandikishaji watu aliyezunguka vijiji vya Kilwa na lori la shamba, alifika Kikole siku ambayo vijana walikuwa wakicheza na wenzao wa misheni. Alikuja kutafuta migongo, akaona miguu. Klementi alicheza senta hafu, nafasi ambayo siku hizi huitwa kiungo. Hakuwa na mbio nyingi wala hakuruka sana. Lakini mpira ulipokuwa bado kwa mwenzake, yeye alikwisha kuutazama uwanja wote, akajua nani yuko peke yake upande wa pili. Na ulipomfikia haukukaa, ulikwenda pale pale alipokwisha kuuona ukienda. Wenzake walimpa mpira kila walipobanwa, kama mtu anayekimbilia kivuli.

Jioni hiyo Romani alikaa kwenye kigoda cha Genoveva, mama yake Klementi.

"Mama, mwanao hatashika panga. Atashika mpira."

"Tangu lini mpira ukashikwa kwa miguu?" aliuliza Genoveva, asiyetaka kudanganywa.

"Huko Lindi miguu inalipwa, mama."

Klementi alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Hakutia dole gumba kama wengine. Aliandika jina lake lote kwa herufi za kuungana, na Romani akalisifu. Karatasi yenyewe ilikuwa ileile ya wote waliopanda lori siku ile. Ilisema kukata mkonge. Neno mpira halikuwamo.

Wenzake wa lori lile walikwisha kumaliza kadi tisa na kurudi makwao kutayarisha mashamba. Klementi alikuwa kadi ya sita. Kila alivyocheza vizuri, timu ilisonga mbele katika kombe. Na kila iliposonga mbele, mechi ziliongezeka, na vyumba vitupu vikazidi.

Ndipo ilipokuja barua ya Dar es Salaam. Fakihi alimpa mkononi, ikiwa imekwisha kufunguliwa, wala hakujisumbua kueleza ilifunguliwa na nani. Mwandishi alikuwa Alfonsi, katibu wa timu ya makuli wa bandarini, ambaye alikuwa amekuja Lindi msibani akamwona Klementi akicheza na timu ya mjini. Alisema kuna kazi ya utarishi, kuna chumba, kuna njumu. Alisema mechi za huko hutazamwa na watu wengi kuliko watu wote wa Lindi. Ligi inaanza mwisho wa mwezi ujao. Aje na meli itakayopita kabla ya hapo, na ajibu upesi ili nafasi asipewe mwingine.

Klementi aliisoma nyuma ya korona, mashine ya kukwangulia mkonge, mahali ambapo kelele zilimzuia mtu asisikie hata sauti yake mwenyewe. Aliisoma tena. Kisha akaenda kumsomea Likwata.

Likwata alisikiliza mpaka mwisho bila mzaha.

"Hebu fikiri," alisema. "Siku zako za mpira zikihesabiwa, wewe umekwisha maliza mkataba zamani. U mtu huru. Unapanda meli hata kesho. Zisipohesabiwa, ukiondoka wewe ni mtoro, watakufuata na polisi mpaka huko huko uwanjani."

"Nani wa kuzihesabu?"

"Bwana Leba anakuja." Ndivyo watu walivyomwita ofisa wa kazi wa serikali, aliyepita mashambani kusikiliza mashauri. "Mwambie yeye. Mimi nitakuwa shahidi wako. Nimekuona ukipandishwa lori hata siku uliyokuwa na homa."

"Na nyama yako?"

"Nina meno mawili," alisema Likwata. "Nitakunywa mchuzi wa samaki."

Bwana Leba alikuja baada ya wiki mbili. Meza iliwekwa barazani mwa ofisi. Alikuwa Mzungu kijana, uso mwekundu kwa jua, mwenye soksi nyeupe zilizofika magotini. Kando yake alikaa meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Sawasawa kwa sababu kila jambo alilifunga kwa neno hilo. Fakihi alisimama katikati yao kama mkalimani, ingawa Bwana Leba alijua Kiswahili cha kutosha. Kabatini nyuma yao, ndani ya kioo, lilionekana kombe la mwaka uliopita.

Klementi alikuwa ameyapanga maneno yake kichwani.

"Bwana, siku za mpira nilitumwa. Naomba zihesabiwe."

"Nani alikutuma?"

"Bwana meneja."

"Alikuambia nini?"

"Nipande lori."

"Ukapanda. Ulikwenda kufanya kazi gani?"

Klementi alitafuta neno. Alijua kukata, kufunga, kubeba, kulima, kupalilia. Kwa kile alichofanya Jumamosi ile ya Mtwara, mpaka kaptula ikaganda kwa chumvi ya jasho na damu ya ukucha, lilikuwapo neno moja tu.

"Kucheza mpira, bwana."

"Kucheza," alisema Bwana Leba. Akamgeukia meneja, akasema jambo kwa Kiingereza, wote wawili wakatabasamu. "Kwa hiyo hukufanya kazi. Ulicheza."

"Nilitumwa kucheza, bwana."

"Unapenda mpira?"

Hapo Klementi alikawia. Aliona kwamba swali lilikuwa na shimo chini yake, akaona pia mahali pa kupita: kusema hapana. Neno lenyewe dogo. Lakini ulimjia uwanja wa Lindi jioni moja ya mechi, mpira unatoka kulia, winga wa kushoto yuko peke yake naye hajui, na mguu wake Klementi ukijua. Katika vitu vyote, hicho peke yake hakupewa na mtu, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Hakuweza kukikana mbele ya mtu wa soksi nyeupe.

"Napenda, bwana."

"Hata mimi napenda mchezo. Kila Jumamosi nacheza tenisi pale Lindi. Serikali hainilipi hata senti."

Meneja akacheka. Fakihi alipoona meneja anacheka, naye akacheka.

"Nina shahidi," alisema Klementi.

Likwata akaitwa. Alipanda ngazi za baraza amevua kofia, na pale chini manamba walikuwa wamekusanyika, wakimtazama mgongoni. Fainali ya kombe ilikuwa wiki ileile. Nyapara alikwisha kupita vyumba vyote tangu juzi akisema kwamba safari hii ng'ombe ni wawili, na kwamba mwenye kumharibu senta hafu atajulikana.

"Mzee," alisema Bwana Leba, "huyu siku za Jumamosi hufanya nini?"

Likwata akaitazama kofia yake. Akaigeuza.

"Hucheza, bwana," alisema. "Hucheza vizuri sana."

"Anafungwa kamba? Anapigwa akikataa?"

"Hajapata kukataa, bwana."

"Basi."

Likwata akashuka ngazi pole pole, bila kumtazama mtu.

"Bwana," alisema Klementi, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "lile kombe ni la nani?"

"La shamba," alisema meneja.

"Kombe ni la shamba, na mchezo ni wangu?"

Fakihi hakutafsiri. Bwana Leba alikuwa akiandika, na meneja alimtazama Klementi kitambo kidogo, bila hasira, jinsi mtu anavyomtazama punda aliyesimama katikati ya njia.

"Sawasawa," alisema.

Kisha akavuta mtoto wa meza, akaweka karatasi mezani. Klementi aliitambua. Asubuhi ile alikuwa ameiacha chini ya jamvi lake.

"Huyu Alfonsi," alisema Bwana Leba baada ya kuisoma, "anamshawishi manamba wa watu avunje mkataba. Ni kosa. Anaweza kufungwa. Unataka afungwe?"

"Hapana, bwana. Hakujua."

"Kama wewe mwenyewe ukimjibu kwamba hutaki, hakuna shauri. Kama humjibu, nitawaandikia polisi wa Dar es Salaam." Akafunga kalamu yake. "Mimi nakusaidia, unaona?"

Aliondoka kabla ya adhuhuri kwenda shamba jingine.

Alasiri Fakihi alimwita Klementi ofisini. Karani alikuwa mnyonge, midomo imemkauka. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama siku chache nyuma, na joto la chumba kile cha bati halikuwa na huruma kwa mwenye swaumu. Barua ilikuwa tayari, kwa mwandiko wake wa madaha.

"Soma, kisha utie sahihi. Usiseme baadaye kwamba ulisomewa vingine."

Klementi akasoma. *Kwa Bwana Alfonsi. Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu kwako. Nakuarifu ya kuwa hapa nilipo nina kazi nzuri ya kuchezea timu ya shamba, na kazi hiyo imenipendeza, wala sina haja ya kuondoka. Tafadhali usiniandikie tena.*

Akaweka kidole juu ya mstari.

"Bwana karani, hapa umeandika kazi."

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa tena."

Fakihi akainama, akatazama, akanyoosha mgongo.

"Ni barua tu, kijana," alisema. "Barua lazima iwe na adabu. Tia sahihi."

Nje, honi ya lori ilipigwa. Wachezaji walikuwa wanaitwa mazoezini, na dereva angepitia posta ya Lindi akishawashusha uwanjani. Klementi akaandika jina lake lote kwa herufi za kuungana.

Fakihi akaikunja barua, akaitia katika bahasha, akaandika anwani. Akaileta bahasha karibu na mdomo, akakumbuka, akaitoa upesi.

"Lamba wewe," alisema, akimsogezea. "Mimi nimefunga. Ninyi wa misheni hamna Ramadhani."

Klementi akaishika bahasha kwa mikono miwili. Gundi ilikuwa na utamu kidogo, utamu wa kitu kilichooza. Aliilamba kutoka pembe hadi pembe.

"Na hii."

Ilikuwa stempu yenye kichwa cha Mfalme. Akailamba nyuma, akaibandika, na Fakihi akaigonga mara mbili kwa ngumi ili ishike. Honi ikapigwa tena. Karani akaitia barua katika mfuko wa posta, akaukaza kamba, akampa Klementi mfuko mikononi.

"Mpe dereva," alisema. "Kimbia, wanakungoja."