Hoja ya Tatu ya Zadock

Somo la Sabato hiyo lilihusu Mkristo na mabishano yasiyo na faida. Paulo alimwonya Timotheo ayakwepe. Kwa hiyo wanaume wa kanisa lile dogo la kisiwa cha Mfangano wakalibishania somo lenyewe saa nzima, kwa bidii ambayo paa lao linalovuja halijawahi kuonjeshwa.

Mzee wa kanisa Stanley aliomba mfano tu. Bichage mwenye duka akautoa: umeanika omena, dagaa wa ziwani, siku ya Ijumaa, Sabato wingu limetanda. Kuianua ni kazi, ama si kazi?

Hapo Timotheo akasahauliwa.

"Ni kazi," Stanley alisema. "Omena ni ya kuuza."

"Na ya kula je? Ama mvua inachagua?" Zadock aliuliza.

Zadock alikuwa benchi la nyuma. Hoja zake mbili zilikuwa zimeshatua vizuri, sasa alitafuta ya tatu ya kumaliza kazi. Tangu amzike mkewe Helen, kushinda mabishano ndiyo raha pekee iliyombakia ambayo wakubwa hawajaitoza ushuru.

Binti yake Beverly akaja mlangoni, begi begani. Ni muuguzi huko Migori, alikuwa na zamu usiku huo, na boti ya Mbita ingeondoka saa nane. Alikuwa amekuja na swali moja, lile lile la miaka miwili: mama alisema nini siku ya mwisho? Kila akiuliza, Zadock alimpa hotuba. Boti ya wagonjwa ya kumpeleka Helen Homa Bay ilikosa petroli. Msimamizi wa boti akasema fomu haina muhuri. Mkubwa wake ana picha ukutani akiikatia boti hiyo utepe, akitabasamu. Hotuba nzuri sana. Beverly aliijua yote kwa kichwa.

"Baba, imebaki nusu saa."

"Ngoja kidogo, nyathina, mwanangu. Nammaliza Stanley."

"Sawa. Mmalize." Akateremka ufuoni peke yake.

Zadock akageukia dirisha, na Mungu akamtupia hoja ya tatu bure. Benta, mke wa Stanley, alikuwa anaianua omena ya mzee wa kanisa na nyavu zake, mbio mbio, matone yakimwangukia. Hakuwa ameomba mwongozo wa mtu.

Zadock alihitaji kunyoosha kidole tu. Kanisa lingecheka hadi Jumatano.

Akakitazama kidole. Akamtazama Beverly, ambaye sasa alionekana mdogo kule chini. Akainuka.

"Umeshindwa, omera, ndugu yangu?" Stanley aliuliza.

"Nimeshindwa." Neno lilikuwa chungu kama kwinini.

Alimkuta Beverly ameketi juu ya ubao wa kupandia boti, kanga kichwani.

"Ile boti ya wagonjwa," Zadock akaanza, "yule msimamizi..."

Beverly akatazama ziwa. Zadock akaiacha hotuba, akajaribu tena.

"Nilikuwa nagombana naye kwa simu. Mama yako akanishika mkono. Akasema, Zadock, achana na huyo, niongeleshe mimi."

"Ukamwongelesha?"

Mvua ililowesha shati lake la Sabato.

"Nilikuwa nimekaribia kushinda," alisema.

Kule juu sauti ya Stanley ilikuwa bado inathibitisha kwamba ni kazi. Beverly akasogea, akamwachia baba yake nafasi kwenye ubao.

"Basi niongeleshe mimi," alisema. "Boti haijaondoka."