Waya wa Diski

...mpaka ulie ko, usiposikia ko hujachomeka, ndivyo Ami Shakir, mwenye duka hili, alivyonifundisha, na huu waya mnene umelia ko kwenye madabodi, vizuri, sasa ule wa prosesa, kule juu kwenye kona, Ustadhi Ghazwan mwenye kompyuta hii ananitazama, hapana, hanitazami, anakoroga chai na kumsimulia Ami kisa cha jenereta la mtaani kwetu, umeme wa serikali ulikatika, jenereta la Abu Karrar anayetuuzia umeme likashika kwa kishindo, Ustadhi akawasha kompyuta, diski ikaungua, harufu mpaka jikoni, na ndani yake picha zote za harusi ya bintiye aliyehamia Uswidi, na Ami anaitikia kwamba wenye majenereta hawana dini, Baghdad hii kikiungua kitu ni jenereta tu, hata mimi, jana aliponipigia simu nilimkatiza, litakuwa jenereta, ustadhi, nikajiona mtaalamu, kumbe ni huu, huu mwembamba ninaouona sasa nyuma ya kasha, waya wa pawa saplai ya zamani, juzi nilimfungia saplai mpya nikaubakiza huu wa diski kwa sababu nilikuwa nimeufunga ukapendeza, nyaya za Nibras kama nywele zilizosukwa, watu husema, nami hupenda wakisema, kichwa chake kinaingia kwenye saplai mpya bila ubishi lakini pini zimepangwa vingine, nami sikuiwasha kuijaribu, alipoiwasha yeye umeme ukaingia kusikotakiwa, fundi wa wiki moja analijua hilo, naona haya, haya hadi masikioni, Ami alinipa meza hii mtaa mzima wa kompyuta ukimcheka, msichana na bisibisi, mpeleke akapike, nikisema leo watamwambia tulikuonya, nikinyamaza nani atajua, waya nitaukunja mfukoni, basi, jenereta halina mdomo...

"Kesho wazee wa ukoo wetu wanakwenda kukaa na wazee wa Abu Karrar," Ustadhi Ghazwan anasema. "Atalipa, na aombe radhi mbele ya mtaa."

...Abu Karrar, na kile kikohozi chake, kwenye matanga ya baba jenereta lake lilinguruma usiku kucha ili wageni wasikae gizani, mama akataka kumlipa akakasirika, huyo ndiye atakayeketi kichwa chini kati ya wanaume, aombe radhi kwa uvivu wangu, na asubuhi nitapita mbele yake nimwambie salaam aleikum, ami, naye ataniitikia, hilo ndilo nisiloliweza, kwamba ataniitikia...

"Nibras, binti yangu, bado tu?" Ami anauliza.

...waya wa prosesa ungali mkononi, haujalia ko, sukari ilishayeyuka na Ustadhi bado anakoroga, nauchomoa ule mwembamba, unatoka kirahisi, nauweka mezani karibu na kikombe chake, Ami anautazama, Ami anaujua, uso wake unabadilika, Ami wangu, nisamehe...

"Ustadhi," nasema, "wazee wasiende kwa Abu Karrar. Waje kwetu."