Mazungumzo ya Kutembea

Viti vyote vilitolewa ukumbini, maana Wageni hawakai. Wala hawasimami. Tangu waliposhuka kutoka angani, sisemi mbinguni, na kuingia kwenye bwawa la maji ya mji, hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wao ametulia. Wakizungumza nawe wanazunguka, na wewe huna budi uzunguke nao. Basi mkutano wa kuamua kama mji wetu utapona uliendeshwa kwa miguu. Wageni walitangulia, warefu kama milango, ngozi zao kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Binti yangu, Balozi wa mji kwao, alikuwa katikati yao, wamemshika viganja. Nyuma walifuata Katibu na Kamanda, wakihema.

"Balozi, hebu waombe waende polepole," Katibu alisema. "Mimi nina sukari."

"Nimeshawaomba, Mheshimiwa. Wanasema hii ndiyo polepole."

Lugha yao si ya sauti, ni ya joto. Mgeni anakushika kiganja kwa kitu chake kilicho kama ulimi wa ng'ombe, joto linapanda na kushuka, na hayo ndiyo maneno. Binti yangu ndiye pekee aliyejifunza, na viganja vyake vimebabuka kwa kazi hiyo. Kila jioni nilimpaka mafuta huku nikimsihi aache. Yeye alinijibu, "Mama, nikiacha watabaki na mizinga tu."

Na mizinga ilikuwapo. Kamanda alikuwa ameipanga kilimani, na alishasema wazi kwamba jua likizama bila mapatano atapiga bwawa. Bwawa likipasuka, nyumba zote za bondeni zinakwenda na maji, na sisi tunaishi bondeni. Lakini Wageni walikuwa wameanza kukubali kuhamia kwenye machimbo ya mawe na kutufungulia maji. Yalibaki machache ya kumalizia.

Mimi nilikwenda kumpelekea binti yangu viatu vya mpira, kwa kuwa aliondoka na vile vya kisigino. Mlinzi ananifahamu, akanipisha. Nikamkuta mtoto wa watu jasho linamwingia machoni na mikono yote imeshikwa, hawezi hata kujipangusa. Ningefanyaje? Niliingia kwenye ule mzunguko, nikampangusa uso kwa ncha ya mtandio wangu.

"Taratibu, mama," nikamwambia.

Wageni wakasimama.

Katibu alikuja akamvaa Kamanda mgongoni. Hakuna aliyecheka. Wageni waliosimama ni kitu cha kutisha, hata maji yaliyokuwa yakiwatiririka mwilini yaliacha kudondoka.

"Wanasemaje?" Kamanda aliuliza.

"Wanauliza huyu ni nani wangu. Nimewaambia ni mama yangu."

"Sasa kwa nini umewaambia? Ungesema ni mfagizi!"

"Kwa joto huwezi kudanganya, Kamanda." Akanigeukia, na sauti ikapungua. "Mama, kwao anayesimama kati ya pande mbili hana wa kwake. Hata mzazi humwachia kwanza. Walidhani mimi nimeshaachiwa. Sasa wanasema muda wote huu wamekuwa wakizungumza na upande mmoja."

"Kwa hiyo wanataka nini?"

"Uniachie. Uwape kiganja useme mimi si wako. Baada ya hapo silali kwako, hunipikii, na tukikutana njiani tunapishana tu."

"Mpaka lini?"

"Maadamu wapo."

Kamanda alitazama dirishani, jua lilikuwa limeshateremka kwenye mapaa. "Mama, sema tu. Ni maneno matupu."

"Baba, mimi sisemi maneno matupu."

Tangu baba yake azikwe, nyumba yangu ni mtoto huyu. Lakini nje nilisikia watu wakigonga ndoo, na nikawafikiria watoto wa majirani wanaolala bondeni. Nikatoa kiganja. Ule ulimi ukakifunika chote, mzito, una uvuguvugu.

"Si wangu," nikasema kwa sauti. "Ni wa Mungu. Mimi nilipewa nimlee tu."

Ndivyo nisemavyo kila asubuhi kwenye sala. Ule ulimi ukawa baridi ghafla, baridi ya kuuma mpaka kwenye kiwiko.

"Wamekataa," binti yangu alisema.

"Lakini nimesema kweli!"

"Umesema kweli, Mama. Ila hujaikubali."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Mgeni, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia na Yeye. Mgeni akaanza kutembea huku amenishika, tukazunguka ule ukumbi mtupu, mimi na viatu vya mpira kwapani. Nikaona nilivyoishi. Binti yangu alipopata nafasi ya kusoma mbali, nilishikwa na ugonjwa ambao daktari hakuuona. Mchumba alipokuja, nilimsifia mpaka alipoaga, kisha nikamtafutia kasoro. Asubuhi namkabidhi kwa Mungu, jioni namdai.

Tulizunguka tena. Miguu iliniwaka. Sala zangu za kila siku hazikunijia, nikabaki na ile iliyokuwa moyoni kweli, nikaisema bila kupamba:

"Sitaki. Lakini mchukue."

Joto likaja polepole, likapanda mkono mzima hadi begani. Wageni wengine wakaanza kutembea. "Wamekubali kuhama, Kamanda," Balozi akasema.

Katibu alikaa chini sakafuni na suti yake. Kamanda akachukua simu ya upepo, akawaambia watu wake wa kilimani washushe mizinga. Binti yangu alipita ubavuni pangu katikati ya Wageni, karibu kabisa, pumzi yake nikaisikia. Hakugeuka. Uso wake ulikuwa umelowa tena, na mkono wangu uliokwisha kuinuka nikaushusha. Wakatokea mlango wa upande wa bwawa.

Viatu nikampa mlinzi, nikamwambia atafute mtu ambaye vitamfaa.

Nje akina mama walinizunguka na ndoo zao. "Mama Balozi! Mama Balozi, mmefikia wapi?"

Sikuitika. Walirudia kuita, wakanishika mkono.

"Maji yanakuja," nikasema. "Nendeni mkasafishe mapipa."

"Na Balozi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikawaambia, nikaendelea kutembea.